Hesabu ya Ndoo: Mboga za Majani Tabora Mwaka Mzima

Henry Morton Stanley alifika Tabora Juni 1871, akakaa Kwihara, jirani na mji, hadi Septemba kabla ya kuendelea na safari ya Ujiji kumtafuta Livingstone. Katika kitabu chake cha safari hiyo anataja mboga ambazo mgeni aliweza kuzipata kwa Waarabu wakubwa wa mji: vitunguu, saumu, pilipili, matango, nyanya na biringani. Mpishi yeyote wa pwani ataitambua orodha hiyo mara moja. Ni kachumbari, na biringani pembeni.

Wasomaji wengi hupita hapo haraka, wanakimbilia vita ya Waarabu na mtemi Mirambo. Mkulima wa bustani hawezi kupita. Tabora mvua hukatika mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na hairudi mpaka Novemba. Kitunguu kikavu huwekwa ghalani miezi, lakini tango na nyanya mbivu hazimalizi hata wiki mbili. Ikiwa zilipatikana katika miezi aliyokaa Stanley, basi kuna mtu aliyekuwa akizimwagilia, asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Swali la uchambuzi huu ni hilo: kazi hiyo ilifanyikaje, na leo inafanyikaje? Jibu langu ni kwamba mbegu na umbo la tuta huja baadaye. Cha kwanza ni ndoo: inatoka wapi, inabebwa na nani, mara ngapi.

Tupige hesabu yake. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Septemba na Oktoba, jua likiwa kali na upepo mkavu, tuta lililofunikwa na majani hupoteza milimita 6 hivi kwa siku. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 litadai lita 60, yaani ndoo tatu za lita 20. Familia inayotaka kula mboga yake na kuuza kidogo italima matuta sita, na hizo ni ndoo 18 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kama kisima kiko mita 100 kutoka bustanini, mbebaji wa ndoo moja moja atatembea kilomita 3.6 kwa siku, nusu yake akiwa na kilo 20 kichwani. Hapo hajapalilia wala hajaua kiwavi hata mmoja.

Bustani za zamani zilitatua hesabu hiyo kwa njia ambayo haifai kusifiwa. Richard Burton na John Hanning Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa ukoo wa Harthi. Waarabu wa Tabora walijenga nyumba kubwa za tembe, wakapanda michungwa, milimao, mipapai na miembe, wakalima ngano kidogo kwa mkate wao. Mashamba na bustani hizo zilitegemea mikono ya watumwa. Kwa hiyo ukisoma kwamba wenye tembe walipenda kula vizuri, kumbuka kwamba gharama ya maji haikuwa juu yao. Ufundi ulikuwepo, sikatai, lakini mfumo wenyewe ulisimama juu ya kazi isiyolipwa, na kuuiga leo kwa ukubwa uleule ni kujidanganya.

Wanyamwezi walikuwa na hesabu nyingine. Kiangazi ndicho kilikuwa msimu wa safari: wanaume wengi walikwenda pwani na pembe za ndovu mabegani, wakijitahidi kurudi kabla ya msimu wa kulima. Kijiji chenye mikono michache hakiwezi kumwagilia. Njia yao ilikuwa kuvuna jani mvua ikiwapo na kulikausha. Majani ya kunde na mgagani huchumwa yakiwa tele, mengine huchemshwa kidogo, huanikwa, kisha huwekwa mpaka siku mboga mbichi itakapoadimika. Nsansa, majani makavu ya kunde, bado inapikwa Tabora kwa karanga, na ni chakula kitamu. Kosa moja la kiufundi hurudiwa sana: kuanika juani moja kwa moja. Jua kali huharibu sehemu kubwa ya vitamini A iliyomo kwenye jani. Kichanja chenye kivuli na upepo huchukua muda mrefu kidogo zaidi, lakini jani hubaki la kijani na lina faida zaidi mwilini.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo ya mkulima wa leo asiye na watumwa wala asiyetaka kula majani makavu miezi sita, ni kuihamisha bustani. Nchi ya Tabora ni uwanda ulio mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, wenye miinuko midogo na mabonde mapana. Juu kuna udongo wa kichanga, mwepesi kulimwa, usioshika maji wala mbolea. Ukishuka unakutana na udongo mgumu, na chini kabisa ni mbuga yenye mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi, ambako majaruba ya mpunga hulimwa. Maji hushuka mteremko huo polepole baada ya mvua, na bustani inapaswa kuyafuata.

Masika, basi, bustani iwe juu, karibu na nyumba, kwenye matuta yaliyoinuliwa. Mnyamwezi hahitaji kufundishwa tuta: kulima kwa matuta, majani na mabua yakifukiwa ndani yaoze, ni desturi ya siku nyingi katika nchi hii. Tuta hilo huokoa mizizi isizame siku mvua inapomwagika, na kile kilichofukiwa huupa mchanga uhai. Ongeza ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri kwa kila mita ya mraba. Hapa ndipo pa mchicha, mgagani, mnavu, majani ya maboga na majani ya kunde, mboga zinazopenda joto na unyevu. Mchicha wa kung'oa huwa tayari ndani ya wiki tatu au nne. Mbegu zake ni ndogo sana, hivyo zichanganywe na mchanga mkavu kabla ya kusiwa, na zisisiwe zote siku moja. Robo ya tuta kila wiki ni bora kuliko tuta zima kwa mara moja, kwa sababu mchicha uliopitiliza hukomaa shina na hakuna atakayeununua. Wenye kutaka mbegu bora wanaweza kuulizia mchicha wa Madiira, au mnavu wa Nduruma na Olevolosi, aina zilizotokana na kazi ya Kituo cha Mboga cha Dunia pale Tengeru, Arusha.

Mvua ikikatika, bustani ishuke. Na hapa ndipo vitabu vingi vya bustani humpotosha msomaji wa Tabora, maana picha zake zote zinaonyesha tuta lililoinuliwa. Tuta la namna hiyo mwezi Agosti hukaushwa na upepo kutoka juu na kutoka ubavuni, na maji ya keni huteremkia njiani. Kiangazi tunataka kinyume chake: jaruba dogo, lililodidimizwa kiasi cha shubiri moja chini ya usawa wa njia, lenye kingo. Upana usizidi mita 1 na kidogo ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo. Kila tone unalomimina hubaki humo. Funika udongo kwa nyasi kavu au maganda ya mpunga, ila uyakague mara kwa mara, kwa sababu mchwa wa huku huyageuza matandazo kuwa karamu yao. Na kisima kifupi kichimbwe katikati ya majaruba. Mita 100 zikishuka kuwa mita 10, zile kilomita 3.6 zinakuwa mita 360.

Juni na Julai usiku hupoa, na huo ndio wakati wa saladi, chainizi, spinachi, figiri, kabichi na karoti. Mimi ningesia saladi mapema Mei, na kusia mara ya mwisho Julai. Mbegu ya saladi ina tabia ya kulala: udongo ukipita nyuzi joto 30 au hapo karibu, nyingi zinagoma kuota hata ukizimwagilia vipi, na miche iliyokwisha kuota hukimbilia maua na majani yanakuwa machungu. Watu hulaumu duka la pembejeo kwa mbegu mbovu, kumbe ni kalenda. Sukuma wiki ina subira zaidi. Ukiipandikiza Mei kwa nafasi ya sentimita 45 hadi 60, ukachuma majani ya chini tu na kuacha kilele, itakulisha mpaka mvua mpya, mradi unaosha vidukari kwa maji ya sabuni kabla hawajajaa.

Septemba na Oktoba usianzishe kitu chenye mizizi ya kubembelezwa. Zinazoshika bustani katika miezi hiyo ni sukuma wiki ya zamani, mchicha, na matembele yaliyotambaa penye unyevu bondeni. Matembele yana faida mbili: leo ni mboga, na Novemba mashina yake ni mbegu ya viazi kwa ajili ya matuta ya juu.

Kuna jambo linalonishangaza kila ninapolifikiria. Ufundi huu wote wa kiangazi uko tayari mikononi mwa wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge. Kitalu cha tumbaku huoteshwa kabla ya mvua, karibu na maji, juu ya udongo uliolainishwa, kikafunikwa kwa nyasi na kumwagiliwa kwa keni yenye matundu madogo. Mtu anayeweza kutunza mche mdogo kama wa tumbaku katika jua la Septemba hashindwi na sukuma wiki. Hata hivyo nyumba nyingi zenye vitalu hivyo hununua mboga sokoni. Tahadhari ni moja: nyanya, biringani na mnavu ni ndugu za tumbaku, hushirikiana nayo minyoo fundo ya mizizi na ugonjwa wa batobato. Visifuate kitalu cha tumbaku mahali pamoja, na aliyetoka kushika tumbaku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya.

Bonde nalo lina masharti yake. Kisima kifupi kilicho chini ya makazi hupokea maji yanayotoka vyooni. Mchicha na sukuma wiki vinapikwa, moto unamaliza vijidudu. Saladi na nyanya ya kachumbari huliwa mbichi, kwa hiyo ningezipanda nyumbani, matuta mawili tu, kwa maji ya bomba au ya mvua yaliyohifadhiwa, na mboga za kupika ndizo zishuke bondeni. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Mwenye bonde lenye kijito apime kabla ya kuchimba.

Mwenye bomba ana raha, maana maji ya Ziwa Victoria sasa yanafika Tabora, lakini ndoo zimegeuka kuwa uniti, yaani mita za ujazo, kwenye bili. Matuta sita kwa lita 360 kwa siku ni karibu uniti 11 kwa mwezi. Chukua bili yako ya mwisho, zidisha bei ya uniti moja kwa 11, ulinganishe na fedha unayoacha sokoni kwa mboga mwezi Septemba. Usipoona faida, bakiza matuta mawili ya sukuma wiki na matembele, yatakudai chini ya uniti nne.