Kobe Mchanga Hatibiwi kwa Dawa ya Ng'ombe

Mvua za kwanza zinaponyesha Mpanda, mkoani Katavi, kwa kawaida kuanzia Novemba, ardhi ya miombo iliyogandamana kwa miezi mingi ya kiangazi hulainika, na watoto wa kobe wa madoa hufukua njia yao kutoka kiotani. Mayai ya kobe huyu, ambaye jina lake la kisayansi ni Stigmochelys pardalis, huweza kukaa ardhini miezi 8 hadi 15 kabla ya kuanguliwa. Anayetoka ana urefu wa sentimita 5 hivi, na huo ndio wakati anapoonekana njiani, akaokotwa, akapelekwa nyumbani na kuwekwa kwenye boksi.

Mvua zikikatika, maradhi huanza. Macho yanavimba na kufumba. Pua inatoa kamasi. Gamba linabonyea likiguswa kwa kidole, au kila kipande chake kinainuka na kuota nundu. Kinyesi kina minyoo, kobe hali, na mwenye nyumba anakwenda duka la dawa za mifugo.

Katavi ni mkoa wenye ng'ombe wengi, na maduka hayo yamejipanga kuhudumia ng'ombe, mbuzi na kuku. Mteja akisema mnyama wake ana minyoo na kupe, jibu la haraka liko kwenye rafu: aivamektini, dawa moja inayoua minyoo na wadudu wa ngozi kwa pamoja. Kwa ng'ombe ni dawa ya kutegemewa. Kwa kobe ni sumu, na hilo limejulikana kwa zaidi ya miaka 40.

Mwaka 1983, J. Andrew Teare na Mitchell Bush wa bustani ya wanyama ya taifa mjini Washington, Marekani, walichapisha matokeo ya kuipima dawa hiyo kwa jamii za kobe. Walichotaka kujua kilikuwa cha kawaida kabisa: je, inaondoa minyoo, na ni kwa kipimo gani? Walipoanza kupandisha dozi, wanyama walilegea miguu na shingo, wengine wakapooza, wengine wakafa. Aina zilitofautiana katika kustahimili, na dhaifu kuliko zote ilikuwa kobe wa madoa, yuleyule wa savana za Tanzania. Dalili za sumu zilionekana kwake kwa miligramu 0.025 tu kwa kila kilo ya uzito.

Namba hiyo inafaa kuwekwa kando ya chupa inayouzwa dukani. Aivamektini ya sindano ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, na ng'ombe hupewa mililita 1 kwa kilo 50, yaani miligramu 0.2 kwa kilo. Kipimo cha ng'ombe ni mara nane ya kile kilichomdhuru kobe wa madoa. Kobe mchanga mwenye gramu 100 angefikia kiwango cha hatari kwa miligramu 0.0025. Tone moja la kawaida, kama mililita 0.05, lina miligramu 0.5, sawa na mara 200 ya kiwango hicho. Hakuna sirinji ya dukani inayoweza kupima kiasi kidogo namna hiyo kwa usalama, na hakuna sababu ya kujaribu.

Kinachomuua kinaeleweka. Dawa hii humpooza mnyoo kwa kuvuruga mawasiliano ya mishipa yake ya fahamu. Ng'ombe anasalimika kwa sababu ubongo wake umezungukwa na kizuizi kinachozuia dawa kupenya kutoka kwenye damu. Kwa kobe kizuizi hicho hakimlindi vya kutosha. Naye hana mbavu zinazopanuka, kwa kuwa zimeungana na gamba. Huvuta hewa kwa misuli ya tumbo na ya maungio ya miguu. Misuli hiyo ikilegea, pumzi inakatika. Dawa ya kuogeshea mifugo kwenye josho nayo isimguse: kupe wa kobe hutolewa mmoja mmoja kwa kibano.

Hata minyoo yenyewe si lazima iwe ndiyo ugonjwa. Kobe wengi wa porini wana minyoo midogo ya utumbo mpana wakiwa na afya njema. Ikithibitishwa kwamba imezidi, daktari wa mifugo huweza kuchagua dawa za jamii ya fenbendazo, naye hupima uzito kwanza kwa sababu nazo zikizidishwa zina madhara.

Swali la msingi basi ni nini hasa kinachomwangusha kobe wa ndani. Jibu zuri limetoka Vienna, Austria. Mwaka 2003, C. S. Wiesner na C. Iben wa chuo kikuu cha tiba ya mifugo cha mji huo walichapisha jaribio lililofanywa kwa kobe wachanga 50 wa jamii ya sulkata, kobe wa ukanda wa Sahel. Waliwagawa kwenye makundi, wakabadilisha mambo mawili tu: unyevu wa hewa na kiasi cha protini kwenye chakula. Kwa miezi mitano walipima urefu wa nundu zilizoota kwenye magamba.

Wakati huo wafugaji wengi waliamini kwamba nundu husababishwa na protini nyingi. Vipimo vilionyesha vingine. Waliolelewa kwenye hewa kavu waliota nundu ndefu zaidi, na waliolelewa kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 99 waliota nundu fupi. Mchango wa protini ulikuwa mdogo. Sulkata ni kobe wa pembezoni mwa jangwa, lakini mtoto wake hukua ndani ya shimo na chini ya majani, mahali penye unyevu. Kobe wa madoa vilevile anaanza maisha wakati wa mvua, kwenye nyasi zilizolowa umande. Anayemweka kwenye boksi juu ya sakafu ya saruji, Julai au Agosti, anampa hali ya hewa ambayo umri wake haukuandaliwa kuikabili.

Kwa mlezi wa Mpanda, tiba ya kwanza inaanzia hapo. Kila asubuhi kobe awekwe kwenye beseni la maji vuguvugu yasiyovuka kidevu chake, kwa dakika 15 hadi 20. Atakunywa, atakojoa, na atatoa uji mweupe wa mkojo. Uji huo ukiwa laini, maji mwilini yanatosha; ukiwa mgumu wenye chembe kama mchanga, amekauka, na akiendelea hivyo anaweza kupata mawe kwenye kibofu. Kona moja ya banda iwe na udongo na majani yenye unyevu. Ila unyevu bila joto nao huleta maradhi ya mapafu, na usiku wa Juni na Julai wilayani humo una baridi, hivyo usiku alale mahali pa joto.

Gamba linalobonyea lina chanzo tofauti. Hapo mifupa imekosa kalsiamu, au mwili umekosa mwanga wa jua unaotengeneza vitamini D ya kuisharabu. Wafugaji wa Ulaya hununua taa maalumu. Mpanda jua liko bure mwaka mzima, mradi kobe atolewe nje, kwa kuwa kioo cha dirisha huzuia miale inayohitajika. Atolewe asubuhi, penye kivuli cha kukimbilia. Kobe mchanga aliyeachwa kwenye beseni juani mchana hufa kwa joto ndani ya muda mfupi.

Chakula ndicho kinachokosewa zaidi, kwa wema. Ugali, wali na mkate vina wanga na fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, wakati kobe anahitaji kalsiamu angalau mara mbili ya fosforasi. Mchicha una kalsiamu, lakini pia una oksalati zinazoifunga isitumike, hivyo usiwe mlo wa kila siku. Ukoka, nyasi nyingine changa na magugu ya shambani kama mchunga, yasiyopuliziwa dawa, ndiyo msingi. Porini kobe wa madoa huongeza kalsiamu kwa kutafuna mifupa mikavu, hata kinyesi cheupe cha fisi. Nyumbani, maganda ya mayai yaliyokaushwa kwa moto na kusagwa, au chokaa ya kulishia kuku, hunyunyizwa kidogo juu ya majani. Chokaa ya kupaka nyumba isitumike kamwe, kwani inaunguza.

Mambo matatu hayangoji beseni wala jua. Kobe anayepumua mdomo wazi, anayetoa mapovu puani, au aliyelegea kiasi cha kushindwa kurudisha kichwa ndani, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Hana kiwambo cha kifua na hawezi kukohoa vizuri, hivyo uchafu unaoingia mapafuni hubaki humo. Mlezi abebe kumbukumbu ya uzito aliopima kila wiki kwa mizani ya jikoni, na aseme wazi mnyama alikula nini na alipewa dawa gani.

Tanzania ina mfano wake wa kulea kobe wachanga. Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kilipokea kobe wanne wakubwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Walizaliana wakafika mamia, kisha wizi ukawapunguza hadi saba mwaka 1996. Waliokolewa kwa ua imara uliojengwa kwa msaada wa shirika la kimataifa la kulinda wanyama, na kwa kuwatenga wadogo na wakubwa.

Kutenga kuna maana nyingine Katavi. Mwaka 1999, kupe waliotolewa kwenye kobe wa madoa walioingizwa Florida kutoka Zambia walikutwa na vimelea vya ugonjwa wa moyo kujaa maji, unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Machi 2000 Marekani ikapiga marufuku kuingiza kobe hao. Kobe aliyeokotwa porini asikae zizini. Pia kobe hubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili, hivyo watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomshika, na beseni lake lisirudi jikoni.

Zaidi ya yote, kobe wa porini ni mnyamapori mbele ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kummiliki bila kibali ni kosa. Mzima akikutwa njiani, avushwe upande aliokuwa akielekea na kuachwa. Mgonjwa apelekwe kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, akiwa kwenye boksi lenye matundu na majani yaliyolowa. Asiyekuwa na kibali asimwachie porini mwenyewe baada ya kukaa naye miezi kadhaa, kwa sababu maradhi aliyoyapata nyumbani yataingia pamoja naye kwa kobe wenzake. Uamuzi wa lini na wapi arudi ni wa ofisa na daktari waliompima.