Violezo vya Vitenzi vya Kiingereza na Usemi wa Kila Siku

Kitabu cha A. S. Hornby, A Guide to Patterns and Usage in English, kilichotolewa na Oxford mwaka 1954, ni kimojawapo cha vitabu vilivyobadili namna ya kuwafundisha Kiingereza watu wasiozaliwa nacho. Kabla yake sarufi nyingi za shule zilimpa mwanafunzi majina ya aina za maneno, kisha zikamwachia mwenyewe kazi ya kuyaunga. Hornby alilitazama neno pamoja na jirani zake. Aliuliza: kitenzi hiki kikishatajwa, maneno ya namna gani huweza kukifuata? Jibu la swali hilo ndilo aliloliita "pattern", nasi hapa tutaliita kiolezo, yaani umbo lililo tayari ambalo kwalo sentensi nyingi hukatwa, kama nguo nyingi zikatwavyo kwa karatasi moja ya fundi.

Kazi hii haikuanza Uingereza. Hornby alikwenda Japani mwaka 1924, na huko akafanya kazi pamoja na Harold Palmer, aliyeanzisha taasisi ya uchunguzi wa ufundishaji wa Kiingereza mjini Tokyo mwaka 1923. Kamusi aliyoitunga Hornby pamoja na Gatenby na Wakefield ilipigwa chapa Tokyo mwaka 1942, kisha ikatolewa na Oxford mwaka 1948. Humo vitenzi viligawanywa katika violezo 25, na kila kitenzi kikapewa nambari ya kiolezo chake. Hapana shaka kwamba faida yake ilikuwa kubwa. Mwanafunzi ajuaye "I want to go" na "I want you to go" hujiona ana haki ya kusema pia "I suggest you to go". Nambari za Hornby ndizo zilizomwonya kwamba "suggest" hakimo katika kundi hilo.

Hata hivyo orodha hiyo ina upungufu, nao hauko katika hesabu ya violezo bali katika msingi wake. Hornby alivipanga kwa umbo la nje. Sentensi zenye kitenzi, kisha jina, kisha "to" na kitenzi cha pili, zikawekwa pamoja. Lakini umbo moja laweza kubeba mahusiano mbalimbali. Tuchukue mifano miwili: "Ali persuaded me to come" na "Ali promised me to come". Kwa macho hakuna tofauti ila ya kitenzi. Kwa maana, katika wa kwanza mwenye kuja ni mimi, na katika wa pili mwenye kuja ni Ali.

Msomaji wa Kiswahili huiona tofauti hii bila kufundishwa, kwa sababu lugha yake huitia ndani ya kitenzi. Husema "Ali alinishawishi nije", lakini "Ali aliniahidi kuja". Hata yule asemaye "alinishawishi kuja" aweza kurudia kwa "nije" na maana isibadilike; bali "aliniahidi nije" ni maneno mengine kabisa.

Ndivyo ilivyo pia kwa "I want you to go" na "I asked you to go". Kiswahili husema "nataka uende", bila kiambishi cha mtendwa, lakini "nilikuomba uende", chenye kiambishi hicho. Mtu akisema "nakutaka uende", ameacha kueleza haja yake tu. Amemgeukia mwenziwe na kumtolea agizo. Basi Kiswahili chatuonyesha kwamba kitakiwacho katika "want" ni tendo zima, na kiombwacho katika "ask" ni mtu. Kiingereza chenyewe hukubali ushahidi huo: husemwa "I was asked to go", wala haisemwi "I was wanted to go". Katika toleo la pili la mwaka 1975 Hornby aliyapanga upya mafungu yake, na baadhi akayagawa katika mafungu madogo. Yaonekana aliliona pengo, lakini msingi wa kupanga kwa umbo ulibaki.

Hatua kubwa iliyofuata ilifanywa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, mahali John Sinclair na wenzake walipokusanya maandiko na mazungumzo mengi ya Kiingereza katika kompyuta. Kutokana na kazi hiyo ilitoka kamusi ya COBUILD mwaka 1987, na mwaka 1996 kitabu cha Gill Francis, Susan Hunston na Elizabeth Manning juu ya violezo vya vitenzi. Jambo kuu walilolionyesha ni hili: vitenzi vinavyokaa katika kiolezo kimoja havikukusanyika ovyo, bali hugawanyika katika makundi machache ya maana. Chukua umbo la "talked him into going". Vitenzi vikaavyo hapo, kama "trick", "frighten" na "persuade", aghalabu ni vya hila, vya kutisha au vya kubembeleza. Maana ya kumfikisha mtu katika jambo asilolikusudia imo katika kiolezo chenyewe.

Ndiyo sababu usemi wa kila siku hauishi ndani ya orodha yoyote. Kitenzi "laugh" hakichukui mtendwa. Hata hivyo Mwingereza husema "They laughed him off the stage", yaani walimcheka hata akashuka jukwaani. Mtendwa huyo hakuletwa na kitenzi, ameletwa na kiolezo. Vivyo hivyo simu za mkononi zilipoleta kitenzi "text", watu hawakungoja sarufi iwape ruhusa. Walikitia mara moja katika kiolezo cha "tell", wakasema "She texted me that she was late". Kwa Hornby kiolezo ni ua wa kuwazuia vitenzi wasitoke. Kwa wasemaji ni kinu ambamo hata nafaka ngeni hutwangwa.

Lakini tusiwasifu wataalamu wa Birmingham kupita kiasi. Mkusanyo wa maneno yaliyosemwa hueleza yaliyosemwa. Hausemi waziwazi yale yasiyosemwa, nayo ndiyo yamkwazayo mwanafunzi. Hapo Hornby, aliyekuwa mwalimu miaka mingi, huwapita, kwa sababu aliandika akiyajua makosa ya darasani.

Na jambo la makosa latuhusu sana sisi. Katika Afrika ya Mashariki mwanafunzi akiandika "we discussed about the matter", husemekana mara nyingi kwamba Kiswahili ndicho kilichomharibia Kiingereza chake. Shtaka hili halisimami. Kiswahili husema "tulijadili jambo hilo", bila neno lolote katikati. Kama mwanafunzi angefuata lugha ya mama yake angepata sawa! Aliyempoteza ni Kiingereza chenyewe, chenye "talk about" na "argue about", na hata jina "a discussion about". Amefuata kiolezo kilicho hai, akakifikisha mahali kisipokubaliwa.

"Explain me this" ni kosa gumu zaidi, kwa kuwa hapa "nieleze" yetu yaweza kweli kusaidia kulizaa. Lakini wanafunzi wasiojua neno la Kiswahili nao hulifanya, maana "tell me this" na "show me this" zawaita kwa sauti moja. Kinachohitajiwa ni kufahamishwa kwamba vitenzi vingi vyenye asili ya Kilatini, kama "explain", "describe" na "donate", hukataa kiolezo cha "give me", ijapokuwa "promise" hukikubali. Mwalimu akieleza hivyo amefundisha. Akilaumu Kiswahili tu, amemwachia mtoto aibu bila maarifa.

Mwisho, yafaa tujitazame wenyewe. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliorodhesha kwa uangalifu mnyambuliko wa kila kitenzi, na kamusi zetu zilizofuata zimeshika njia hiyo. Ni njia njema, kwa kuwa sehemu kubwa ya violezo vyetu hukaa katika viambishi: "kata", "katia", "katisha", "katana". Ila haitoshi. Mgeni ajifunzaye lugha yetu hawezi kujua kutokana na mnyambuliko kwamba "taka" hufuatwa na "uende" na "ahidi" na "kuja", wala kwamba kiambishi kimoja chageuza "nataka uende" kuwa agizo. Mambo hayo twayajua kwa masikio, nayo hayajaandikwa kwa taratibu. Kamusi itakayotaja kwa kila kitenzi cha Kiswahili umbo la kitu kinachokifuata na maana iliyomo ndani ya umbo hilo itakuwa imechukua jicho la Hornby kwa makosa, na jicho la Birmingham kwa maana. Kazi hiyo ni yetu, na mifano yake i midomoni mwa watu kila siku.