Kaskazi na Ujuzi wa Kupendekeza

Kaskazi ikishika, Mji Mkongwe wa Zanzibar hupunguza mwendo. Adhuhuri maduka hubaki nusu mlango, paka hujinyoosha kwenye baraza za mawe, na mazungumzo yote huhamia upande wenye kivuli. Ndipo watu huulizana: una nini cha kusoma? Umesikia nyimbo gani? Embe zimeshaingia sokoni, na za wapi? Zamani upepo huu huu ulisukuma majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakaja na tende, chumvi, mazulia na habari, na mabaharia wakakaa nasi hadi kusi ianze kuwarudisha kwao. Mwambao umezoea tangu hapo kwamba kitu kizuri hufika kikiwa na mtu wake, aliyekiona kabla yetu na akaona kinatufaa.

Mtu huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Namsifu yule anayekwambia soma hiki, sikiliza hiki, kaonje kile, na akapatia. Hana cheti wala mshahara, na mara nyingi hajui kwamba ana ujuzi. Lakini ni ujuzi, una mbinu zake, na hufunzwa kwa miaka mingi ya kuwatazama watu.

Anayetaka kuuona ukifanya kazi na akae saa moja kwenye duka la kanga, Darajani au kule Biashara Street, Mombasa, ambako kanga huitwa leso na chapa ya Mali ya Abdulla ya duka la Kaderdina inajulikana kwa vizazi. Kwa mgeni doti zote ni mamoja: pindo pande zote, mji katikati, jina kwa chini. Mwuzaji hodari haanzi kwa kuangusha robota lote juu ya meza. Huuliza kwanza: ya kuvaa mwenyewe au ya kupeleka? Ya kumpelekea nani? Jibu hilo hubadilisha kila kitu. Kanga yenye jina la kushukuru malezi ni ya mama. Ukimpa jirani mliyenuniana, atakaa usiku kucha akitafuta kejeli ndani yake. Na yenye jina la kumkata mtu maneno, hata iwe na rangi ya kuvutia namna gani, haiingii kwenye zawadi za mkwe. Mwuzaji anayajua haya yote. Basi hutoa mbili, pengine tatu, akazitandaza, akayasoma majina kwa sauti, polepole, huku macho yake yako usoni kwa mteja.

Nimemsikia mmoja akisema, “Mama, hii nzuri, lakini si ya mkweo.” Yule mama alikuwa ameshatoa pesa mkobani. Mwuzaji akaikunja kanga, akairudisha rafuni, akamwomba arudi baada ya siku chache mzigo mpya ukifika. Alipoteza mauzo ya asubuhi ile, naye hakuonekana kujali. Kwangu mimi hicho ndicho kilele cha ujuzi wenyewe: kukisifu kitu kwa haki yake, na papo hapo kujua kwamba mtu aliye mbele yako si wake.

Taarab nayo, ukiifuatilia, imepita mikononi mwa watu wa namna hii. Historia yake husimulia kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim huko Cairo akajifunze kupiga kanuni. Aliporudi aliwafundisha wengine, na mwaka 1905 kikundi cha Ikhwani Safaa kikaundwa na vijana waliotaka kupiga muziki uleule wao wenyewe. Ulikuwa muziki wa kasri na wa Kiarabu. Aliyeushusha mitaani kwa Kiswahili ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa familia ya kufinyanga na kuuza vyungu. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi, na santuri zile zikasambaa mwambao mzima. Huwa nafikiri sana kuhusu mwenye gramafoni wa wakati huo. Ana sahani chache, sebule imejaa wageni, na kila upande wa santuri haupiti dakika chache kabla ya kugeuzwa. Ni yeye anayeamua ianze ipi na inayofuata iwe ipi, na nani kati ya wageni asisikie wimbo fulani usiku huo kwa sababu ya yaliyompata.

Mrithi wake alikuwa kijana wa kurekodi kaseti. Kila mtaa ulikuwa naye. Unampelekea kaseti tupu na orodha yako, umetaka Juma Bhalo, umetaka Zuhura Swaleh, naye anakujazia pande zote mbili. Lakini mwisho wa upande wa pili, pale utepe ulipobakia kidogo, huweka wimbo usiouagiza. Hakuandika jina lake kwenye karatasi. Ukirudi kumwuliza ni wa nani, ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza. Wapo wapenzi wa muziki wengi katika rika langu ambao nyimbo wanazozipenda kuliko zote wamezipata hivyo, kwenye kipande cha utepe kilichobaki. Simu ya leo nayo hunichagulia, na huchagua kwa kufuata nilichosikiliza jana. Yule kijana alifuata jambo jingine: alijua nyumbani kwetu kuna harusi, au kuna msiba, au kuna mtu aliyesafiri na hajaandika.

Vitabu ni vigumu zaidi, kwa sababu kitabu humwomba mtu siku nzima za maisha yake. Mpendekezaji wa vitabu anapaswa kujua mlango wa kuingilia. Kwa mfano Euphrase Kezilahabi. Nampenda mno, na Nagona yake ya 1990 ni fupi kiasi cha kusomeka kwa kikao kimoja. Lakini ufupi huo hudanganya. Ndani mna njia zinazopotea, vifo na maswali ya falsafa yasiyojibiwa, na msomaji aliyezoea hadithi yenye kichwa na miguu huweza kukiweka chini asikiguse tena, wala kingine cha mwandishi huyo. Mtu huyo mpe Rosa Mistika ya 1971. Akishamfahamu Rosa na ukali wa baba yake, atakuwa amemwamini Kezilahabi, naye atamfuata hata gizani. Ukimaliza kumpa, usimweleze sana. Sentensi moja inatosha, tena iwe ya mwanzo wa kitabu. Maelezo marefu humwachia mwenzako kazi ya kuhakikisha kama ulisema kweli, akakosa nafasi ya kushangaa mwenyewe.

Na ukipewa wewe, usikae kimya. Mrudie aliyekupa. Mwambie ulifika wapi, kilikukamata wapi, kilikuchosha wapi. Kama hukukipenda, sema hivyo pia, kwa heshima. Mpendekezaji asiyepata majibu hubaki akikisia, na akizoea kukisia huanza kumpa kila mtu kitu kilekile, kile kinachozungumzwa na wote.

Mimi kaskazi hii ninayo machache ya kutoa. Jioni, maji yakiwa yamejaa, nenda Forodhani kabla wauza vyakula hawajapanga meza zao, ukawatazame vijana wanavyokimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani. Kila mmoja ana mtindo wake wa kuruka na wenzake humpigia makofi au kumzomea kwa haki kabisa. Huko ndiko utakakoona sanaa ikihukumiwa bila upendeleo. Ukirudi, tafuta vikuba, vile vishada vya asumini na mkilua, uviweke karibu na mto wa kulalia, maana umeme ukikatika usiku na feni ikisimama, harufu ile hufanya chumba kiwe kikubwa zaidi. Embe kula boribo, na uile ikiwa ya moto kutoka kwenye jua la sokoni. Barafu huua nusu ya utamu wake.

Februari, Sauti za Busara ikifika, kama ambavyo hufanya tangu 2004, usiangalie orodha kutafuta majina unayoyajua. Nenda mapema, wakati jua bado lipo na watu ni wachache, usikilize kikundi ambacho hujawahi kukisikia. Na kama muziki wa taarab bado ni mgeni kwako, anza na wanafunzi wa chuo cha Dhow Countries Music Academy, ambacho tangu 2002 hufundisha udi, kanuni, fidla na ngoma. Wanafunzi hupiga kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kukosea, kwa hiyo kila chombo unakisikia peke yake kabla havijachanganyika.

Kitabu nitakachokupa ni kimoja tu: Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee asiyempenda, anatoroka, na Zanzibar ya miaka ya mwisho ya ukoloni inamfungukia mtaa kwa mtaa. Isome mchana, saa zile ambazo huwezi kutoka nje hata ukitaka, kwa sababu joto la humo ndani ni hili hili unaloliona dirishani. Amil Shivji ameitengenezea filamu, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, na ni filamu nzuri ya kutazamwa na watu wengi kwa pamoja. Lakini soma kwanza. Umpate Yasmin wako mwenyewe, na sauti yake, na namna anavyobisha hodi kwa shoga yake Mwajuma. Kisha uje uniambie alikuwaje.