Saratani ya Jicho Ukanda wa Ziwa: Kisu Peke Yake Hakitoshi

Saratani inayoota kwenye utando wa weupe wa jicho hukatwa kwa upasuaji mfupi. Tatizo ni kwamba hurudi. Vichochezi vyake vikuu ni jua kali na virusi vya Ukimwi (VVU), na Ukanda wa Ziwa, magharibi mwa Kenya, unavyo vyote viwili. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Mvuvi hupigwa na jua kutoka juu na mng'ao wake kutoka majini. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori nazo ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini Kenya.

Daktari hukata uvimbe pamoja na ukingo wa nyama inayoonekana nzima, lakini jicho halina nafasi ya kukatwa kwa upana. Seli chache zikibaki, uvimbe huweza kuota tena, na ukiachwa huingia kwenye kope na tundu la jicho. Hapo daktari hulazimika kuijenga kope upya kwa ngozi ya kwingine, au kuliondoa jicho lote.

Dkt. Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walitafuta njia ya kuziua seli hizo zilizofichika. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2016, ulifanyika katika vituo 4, kimojawapo Hospitali ya Macho ya Sabatia, Vihiga, kaskazini mwa Kisumu. Wagonjwa 98 waliokwisha kupasuliwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa matone ya fluorourasili ya asilimia 1, dawa inayozuia seli kugawanyika, mara 4 kwa siku kwa wiki 4. Jingine machozi bandia. Mgonjwa wala daktari hakujua nani anapata nini, ili matumaini yasipotoshe uchunguzi.

Baada ya mwaka 1, miongoni mwa waliofuatiliwa hadi mwisho, ugonjwa ulirudi kwa watu 17 kati ya 47 waliotumia machozi bandia, na kwa 5 tu kati ya 47 waliotumia dawa. Kwa hesabu hiyo, kati ya kila wagonjwa 4 wanaopewa matone, mmoja huepushwa kurudiwa na ugonjwa. Madhara yalikuwa madogo na ya kupita: jicho kutoa machozi, kuwasha, na kwa wachache ngozi ya kope kuvimba.

Mwaka 1 ni mfupi kwa saratani, hivyo kurudi kliniki kukaguliwa bado ni lazima. Ukiona kinyama kinachokua kwenye weupe wa jicho, nenda hospitali mapema. Kikikatwa, uliza mambo mawili: je, kimepelekwa maabara, na je, nahitaji matone?