Itogolo Haichimbwi kwa Biti ya Mchanga

Mlioiona kazi ile ya kusimika nguzo za umeme pembeni mwa barabara ya Tabora kwenda Urambo mnajua ninakoelekea. Mashimo ya juu, kwenye mchanga wa miombo, yalitoka safi. Ya chini, ndani ya mbuga, nayo yalitoka. Kazi iliharibikia katikati, kwenye itogolo, ule uwanda wa nyasi fupi kabla ya kuufikia udongo mweusi, pale biti ilipogoma na msimamizi akaamuru shimo limwagiwe maji, biti ibaki ileile. Uamuzi ule ulikuwa mbovu, na sioni namna ya kuutetea.

Beko lilikuwa limefungwa keekee ya haidroliki yenye biti ya udongo laini: meno bapa, ncha ya katikati ya mkia wa samaki. Mwanzoni ilishuka bila tabu, ikitema mchanga wa kijivu. Kisha sauti ikabadilika. Mkwaruzo mzito ukageuka mlio mwembamba wa chuma kinachosugua, na kilichopanda juu hakikuwa tena mabonge bali vumbi. Kila mwendeshaji aliyekomaa anaijua dalili hiyo: meno yameacha kukata. Biti ilipopandishwa, makali yalikuwa yameng'aa na kuviringika, na yale ya ukingoni ndiyo yaliyolika zaidi.

Hapo njia ilikuwa moja. Unachomoa pini, unaivua biti, unafunga ile ya meno ya mchongoko yenye ncha za kabaidi, unapunguza kasi ya mzunguko na kuongeza mgandamizo. Meno ya namna hiyo hayakwangui. Yanachoma na kupasua, na kila jino huzunguka ndani ya kishikio chake ili lisiliwe upande mmoja. Kubadilisha biti ni kazi ya dakika chache. Badala yake yakaletwa madumu ya maji.

Itogolo ni mchanga ulioshikamanishwa na udongo wa mfinyanzi, na kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji. Haupitishi maji, ndiyo maana wakati wa masika maji hutuama juu yake siku nyingi. Ukiumwagia madumu mawili unalainisha ngozi ya juu tu. Unapata uji, na meno bapa ambayo yalikuwa yameshaanza kuteleza sasa yanateleza kabisa. Mchanga mkavu ndio unaotaka maji kidogo, ili kuta za shimo zisiporomoke. Aliyetoa amri ile alijua maji yanasaidia mahali fulani, ila hakujiuliza ni mahali gani.

Lililofuata lilikuwa baya zaidi. Mwendeshaji akaulaza uzito wa beko juu ya biti. Shafti ikayumba, mdomo wa shimo ukapanuka, na mafuta ya haidroliki yakapata moto, kwa sababu mota ilikuwa inakaribia kusimama huku pampu ikiendelea kusukuma. Mwishowe wakaridhika na kina walichokipata. Kanuni inajulikana: sehemu ya kumi ya urefu wa nguzo, ongeza sentimita 60. Nguzo ya mita 10 inadai mita 1.6. Pale ilizikwa mita moja na ushee, ndani ya shimo lenye mdomo mpana uliojazwa kifusi, wakati kinachoishika nguzo ni udongo wa kando ambao haujaguswa. Masika yalipofika nguzo zikaegemea, na mnaopita njia ile mmeziona.

Mengine yalikwenda sawa: mstari ulinyooka, nyaya za kuegemeza zilikazwa, na kifusi cha huko mchangani kilishindiliwa vizuri.

Nimelisema hili tangu zamani na nitalirudia: tunanunua mashine kabla ya kuusoma udongo, ilhali udongo huu ulishasomwa. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, alisafiri sehemu mbalimbali za Tanganyika kati ya Desemba 1935 na Februari 1936. Alionyesha kwamba kwenye nchi ya miinuko na mabonde kama yetu, udongo hujipanga kwa mfuatano uleule: mawe ya matale juu, udongo mwekundu, mchanga, tabaka gumu, hatimaye mbuga nyeusi. Mfuatano huo aliuita katena, na wataalamu wa udongo duniani wanalitumia neno hilo mpaka leo. Mstari wa nguzo unaoshuka kutoka mlimani hadi bondeni unapita kwenye katena nzima. Biti moja haiwezi kuimaliza.

Taarifa ya safari ile ilichapishwa mwaka 1947, Milne akiwa ameshafariki. Mwaka huohuo Waingereza wakaanza mradi wa karanga Kongwa, ambao ulifika hapa Urambo na Nachingwea pia. Ujumbe wa uchunguzi ulioongozwa na John Wakefield ulikuwa umetumia wiki tisa tu kuitazama nchi mwaka 1946, sehemu kubwa kutoka angani. Kongwa ardhi ilikauka, ikakaza, ikayala majembe ya matrekta. Januari 1951 mradi ukaachwa. Kosa la kwenye nguzo zetu ni lilelile, kwa kipimo kidogo.

Mafundi wa laini wa zamani hawakuwa na beko. Walikuwa na mtaimbo, sululu na koleo la mpini mrefu. Lakini kila walipofika penye nyasi za namna nyingine waligonga ardhi kwanza, wakasikiliza, ndipo wakaamua waanze na chombo gani. Kwa nidhamu hiyo walifikia kina kamili penye itogolo, kwa mikono, na kwangu mimi wanaizidi mashine yoyote inayoendeshwa na asiyesikiliza.

Basi ijulikane. Mchanga wa miombo unataka meno bapa, na biti inuliwe mara kwa mara kabla mapindo hayajafunikwa. Mbugani tumia hayohayo, ila shuka kidogo kidogo. Udongo mweusi ukishaimeza biti, utaitoa kwa kuizungusha kinyumenyume tu. Moramu inataka meno mchanganyiko yenye kabaidi. Itogolo kavu na matale yaliyooza yanataka meno ya mchongoko. Kwenye tale zima, ita wenye kompresa au sogeza nguzo. Na mota isomwe inataka mafuta lita ngapi kwa dakika: yakizidi, biti inakimbia, na mbio huiua kabaidi.

Mikataba ninayoiona huandika idadi ya nguzo na kina cha shimo, biti haitajwi. Itajwe. Kabla ya shimo la kwanza, mtu atembee mstari mzima na mtaimbo, aweke alama kila udongo unapobadilika, na aina tatu za biti ziwe kwenye gari tangu asubuhi. Mkandarasi asiye nazo asipewe mstari unaovuka mbuga.