Gunia Zima Mashineni: Kosa la Julai katika Stoo za Nyegezi

Kaya nyingi za Nyegezi, jijini Mwanza, hununua mahindi ya miezi mitatu ifikapo Julai, mavuno ya msimu yakiwa yameingia na bei ikiwa imeshuka, na katika hatua hiyo hakuna la kulaumu: fedha hutoka wakati inaponunua kingi zaidi, na mzigo kutoka Buhongwa au Soko Kuu hufika nyumbani salama. Kosa hutokea baadaye, pale mwenye nyumba anapoamua gunia lote lipelekwe mashineni likasagwe dona kwa mkupuo mmoja, kisha unga ujazwe kwenye ndoo za plastiki zenye mifuniko na kupangwa stoo hadi Oktoba. Uamuzi huo ni mbovu kiufundi, hauna ulazima wowote, na hula sehemu kubwa ya faida iliyopatikana sokoni.

Ubovu wake huanzia kwenye punje yenyewe. Dona ni unga wa punje nzima, ambamo pumba na kiini husagwa pamoja na wanga, tofauti na sembe ambayo mahindi yake hukobolewa kwanza. Kiini ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya mafuta ya hindi, na maadamu punje haijavunjwa, mafuta hayo hukaa ndani ya ganda bila kudhurika. Punje ikisagwa, mafuta hukutana na hewa na kuanza kuchacha, na ndani ya stoo iliyoezekwa bati bila dari, wiki chache tu hutosha kuupa unga ule uchungu ambao watoto huutambua mezani kabla mpishi hajakiri. Hapohapo huingia vile vidudu vyekundu vya unga, ambavyo haviwezi kuishambulia punje nzima isiyo na ufa lakini hustawi katika nafaka iliyokwisha kuvunjwa, pamoja na viwavi wa nondo wanaouacha unga umeshikana kwa nyuzi mithili ya utando wa buibui. Kusaga, kwa maneno mengine, ni kuvunja kwa hiari kinga ambayo hindi limezaliwa nayo.

Hesabu haina huruma zaidi. Ichukuliwe kaya ya watu sita inayosonga ugali mara moja kwa siku, na kutumia wastani wa kilo moja na robo ya unga. Gunia la kilo 100 hutoa madebe sita hivi, na debe moja, ambalo huwa na kilo 17 au karibu na hapo, hutosha kaya hiyo wiki mbili. Maana yake ni kwamba unga wa debe la sita hukaa wiki kumi nzima kabla ya kuguswa, wakati mahindi yale yale, yangebaki mahindi, yangefika wiki hiyo yakiwa na ladha ya Julai.

Kosa hilo huzaa jingine. Unga hutoka mashineni ukiwa wa moto, na kwa kuwa gunia zima ni mzigo mkubwa usio na mahali pa kutandazwa, humiminwa moja kwa moja ndani ya ndoo na kufunikwa. Mvuke hupanda, hukutana na mfuniko uliopoa, hugeuka matone na kudondoka juu ya unga. Baada ya siku kadhaa, mkono ukitumbukizwa humo hukutana na mabonge karibu na ukingo, magumu kwa nje na yenye unyevu ndani, na ukungu huanzia hapo. Anayesaga debe moja hulitandaza juu ya turubai safi kivulini, akaligeuza kwa sahani mpaka lipoe kabisa, ndipo akalihifadhi. Kwa madebe sita kazi hiyo haifanyiki, na kila aliyewahi kupita nyuma ya nyumba zenye ndoo hizo anajua kuwa haifanyiki.

Watetezi wa mkupuo hutaja foleni ya mashine, kukatika kwa umeme na nauli ya bodaboda. Hoja hizo ni nyepesi, kwa kuwa mashine za mtaani hutoza kwa kilo au kwa debe, wala gunia halipati punguzo la maana, na mtu anayepita kando ya mashine kila siku akitoka stendi hawezi kudai kuwa debe moja kila baada ya wiki mbili ni safari. Hoja yenye uzito ni moja tu, nayo ni dumuzi, yule mdudu mtoboaji wa nafaka mwenye asili ya Amerika ya Kati ambaye alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambaye huweza kuligeuza gunia la mahindi kuwa makapi na vumbi. Hofu hiyo ni halali, lakini dawa yake si mashine. Mifuko ya tabaka tatu, maarufu kwa jina la kinga njaa, ambayo teknolojia yake ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwa ajili ya kunde za Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, humuua dumuzi bila sumu: mifuko miwili ya ndani hufungwa mmoja baada ya mwingine, wadudu huimaliza oksijeni iliyobaki, hushindwa kula na kuzaana, na hatimaye hufa. Sharti lake ni kutofungua ovyo, ndiyo maana mifuko miwili ya kilo 50 hufaa kuliko mmoja wa kilo 100.

Inashangaza kwamba somo hili lilikwisha kueleweka Usukumani kabla ya mashine ya kwanza kufika. Kina mama wa vijiji vya Misungwi na Magu waliweka mtama na mahindi ndani ya kihenge, yaani ghala la fito lililokandikwa kwa udongo na samadi na kuinuliwa juu ya ardhi, wakachanganya nafaka na majivu, na wakasaga juu ya jiwe unga wa kutosha chungu cha siku hiyo tu. Viazi walivikata na kuvianika vikawa michembe, muhogo ukawa udaga, na vyote vikahifadhiwa vikiwa vikavu na vipande, si unga. Itasemwa kwamba hawakuwa na njia nyingine. Hata hivyo, matokeo hupimwa kwa kilichoingia chunguni, na kwa kipimo hicho stoo zao ziliwashinda wajukuu wenye makopo angavu yaliyobandikwa lebo na kupangwa kwa urefu, ambayo hupokea mwanga wa dirisha siku nzima na kuupasha unga joto.

Kuna mambo mawili ya sokoni yasiyochosha kurudiwa. La kwanza ni lumbesa, ule ujazo wa kupita mdomo wa gunia unaofungwa kwa kamba na ambao sheria ya vipimo imeuharamisha: mnunuzi anayefurahia kilima hicho bila mizani hajui alichonunua. La pili ni unyevu. Mahindi ya kuhifadhi hayapaswi kuzidi asilimia 13.5, na mwenye chupa kavu ya kioo anaweza kupata kipimo cha awali kwa kutia humo mahindi pamoja na chumvi kavu, akatikisa, akaacha dakika kumi na tano. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Anayelipuuza hilo ajikumbushe mwaka 2016, sumukuvu ilipoua watu Dodoma na Manyara, kwani sumu hiyo ya ukungu haiondolewi na moto wa jiko.

Sehemu nyingine za stoo ya Nyegezi ziko sawa. Mchele hununuliwa wakati wake, maharage hupimwa kwa kisado na kuchambuliwa kabla ya kuhifadhiwa, na dagaa hufuatwa soko la Mwaloni katika siku za giza, wakati taa za wavuvi zinapowavuta kwa wingi, badala ya siku za mbalamwezi ambapo hupungua na bei kupanda.

Gunia la Julai ijayo likishushwa mlangoni, debe moja liende mashineni na matano yabaki mahindi.