Mninga Ule Umepakwa Weusi wa Nini?

Wengi wenu mmeshauona mlango mpya wa ile nyumba ya wageni ya Mkunazini. Nakshi ni safi, mfaa umekaa wima, misumari ya shaba imenyooka. Fundi nakshi apewe haki yake. Kosa liko kwenye mwimo wa kushoto, na rangi nyeusi ndiyo iliyolifunika.

Inama utazame karibu na kizingiti cha chini, pale viatu na ndoo vilipokwangua rangi. Kuna utepe mweupe, upana wa vidole viwili, wenye vitundu vya ncha ya sindano na unga laini chini yake. Huo ni weupe wa mninga, sehemu iliyo karibu na gome, na umeshaanza kubunguliwa. Kiini cha mninga mchwa hawakitaki, na kikishakauka hakipindi. Weupe wake ni chakula cha wadudu. Fundi seremala yeyote anajua.

Mbao za mninga hutoka bara, Tabora na Katavi, zikavuka bahari. Ni ghali, na naelewa uchungu wa kutupa inchi mbili. Lakini mwimo ndio unaobeba mlango! Weupe ulikuwa wa kukatwa, kikaungwa kipande cha kiini kwa ulimi na tundu. Mwenye kazi akaamua ubaki, kisha mlango mzima ukapakwa weusi ili rangi zilingane na uonekane wa kale. Uamuzi mmoja umeharibu mara mbili.

Maana mninga una rangi yake. Ukichanjwa, hutoa utomvu mwekundu mzito. Huko kusini mwa Afrika watu husaga gome la mizizi yake, wakachanganya na mafuta na kujipaka mwilini. Ubao wake ukipata mafuta tu, hudhurungi na michirizi myekundu hujitokeza. Hayo yote yamezikwa chini ya kopo la rangi, kama kuta zetu za chokaa zinavyozikwa chini ya saruji, jambo nililolipigia kelele hapa hadi wengine wamenichoka.

Wachongaji wa zama za Seyyid Barghash walichagua ubao kwanza, nakshi baadaye. Pitisha mkono kwenye milango yao ya msaji uone.

Mwenye nyumba bado ana nafasi. Aivue rangi, autoe mwimo wa kushoto, aweke wa kiini kitupu, apake mafuta. Fundi nakshi yule yule anaiweza kazi hiyo, ila ianze kabla ya masika.